Leso, Udongo na Sufu: Safari ya Wachache Vijijini Ureno



Mwezi huu tunaweka kando habari za homa za watoto na chakula cha mgonjwa, tunafunga safari. Wapo akina mama katika jumuiya zetu ambao wanaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya hija ya Fátima, nchini Ureno, ambako mwaka 1917 watoto watatu wachungaji walisimulia kwamba walitokewa na Bikira Maria. Swali lao ni hili: tukishamaliza sala zetu, na tukiwa na siku nne au tano za ziada, twende wapi? Wengi huambiwa waende madukani Lisbon. Sisi tunawashauri waende vijijini, watu sita au wanane tu, wakaketi na wanawake wanaodarizi, wanaofinyanga na wanaoshona mazulia. Na sisi tulio wengi, ambao huenda tusipande ndege maishani, tusiufunue ukurasa mwingine upesi. Yanayowapata akina mama wale yanatuhusu.

NENO TUNALOLIVAA

Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno leso limetokana na neno la Kireno lenço, yaani kitambaa cha kichwani, cha shingoni au cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya aina hiyo vikiwa bado ni kipande kirefu, wakaviunganisha kwa sindano, vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Ndivyo ilivyoanza kanga. Meza tunayolia chakula, kasha tunalohifadhia nguo, bendera inayopepea shuleni, hata neno mvinyo, yote hayo tuliyapata kwa Wareno.

Hatusahau kwamba walikuja pia na mizinga. Mwaka 1505 waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, na ngome ya Fort Jesus waliyoanza kuijenga mwaka 1593 ipo hadi leo. Lakini mwanamke wa kijijini kwao hakupanda merikebu zile. Alibaki na kitani chake na sufu yake, akilea watoto na kumngoja mume ambaye mara nyingine hakurudi. Huyo ndiye tunayekwenda kumtembelea.

LESO YA MCHUMBA

Tuanzie kaskazini magharibi, katika nchi ya kijani iitwayo Minho. Huko, hasa sehemu za Vila Verde, wasichana walikuwa na desturi ya kudarizi leso za wachumba, ambazo wenyewe huziita lenços dos namorados. Kitambaa kilikuwa cha kitani au cha pamba. Na kitani si kazi ya mchezo. Mmea wake hung'olewa na mizizi, hulowekwa majini hadi shina lilainike, hukaushwa, hupondwa, huchanwa kwa kitana cha misumari, ndipo nyuzi zipatikane za kusokota na kufuma. Msichana alijifunza hayo kwa mama yake. Alipofikia umri wa kuposwa alikaa jioni akidarizi mioyo, ndege, maua na funguo kwa nyuzi za rangi, na katikati yake mistari michache ya mapenzi. Kijana akiipokea leso na kuivaa hadharani, kijiji kizima kilijua kwamba amekubali. Hapo sisi hatuhitaji mkalimani. Tunajua jinsi kanga inavyosema lile ambalo mdomo unaona haya kulitamka.

Kuna jambo moja linalogusa moyo. Maneno katika leso zile yamejaa makosa ya kuandika. Wasichana wengi hawakusomeshwa, au walisomeshwa kidogo sana, kwa hiyo waliandika kama walivyotamka. Leo wanawake wa Vila Verde wanaoendelea na kazi hiyo huyaacha makosa yale kwa makusudi. Hawawaonei aibu bibi zao. Bibi hakupewa kalamu, akaandika kwa sindano.

MAMA ALIYERUDI KWENYE UDONGO

Si mbali na hapo kuna mji wa Barcelos, unaojulikana kwa majogoo ya udongo yaliyopakwa rangi na kwa soko lake kubwa la kila Alhamisi. Lakini sisi tunataka mjue habari za mama mmoja, Rosa Ramalho, aliyezaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha jirani.

Rosa alishika udongo tangu utoto wake. Kisha akaolewa na mtu wa kinu cha kusaga nafaka, akazaa watoto, na kwa muda wa miaka 50 hivi kazi ya udongo ikakaa kando. Kulikuwa na unga, kulikuwa na watoto wa kulisha, kulikuwa na nyumba. Mume wake alipofariki, yeye akiwa amekwisha kupita miaka 60, alirudi kwenye udongo. Akafinyanga Kristo msalabani, akafinyanga watakatifu, na wanyama wa ajabu ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona isipokuwa yeye katika mawazo yake. Kila kazi aliitia alama ya herufi RR. Wasanii wa mjini wakaja kumtafuta, na alipofariki mwaka 1977 jina lake lilikuwa linajulikana nchi nzima. Mjukuu wake, Júlia, aliirithi kazi hiyo.

Akina mama, hebu tujiulize. Ni wangapi kati yetu waliokuwa na mkono mzuri wa kushona, kusuka au kufuma, wakauacha siku ya harusi? Hatusemi kwamba miaka ile 50 ya Rosa ilipotea, maana kulea ni kazi ya Mungu. Lakini hatusemi pia kwamba ni lazima mke angoje kuwa mjane ndipo apate saa moja ya kutumia kipaji alichopewa. Baba wa nyumba akilielewa hilo, si vigumu kuipata saa hiyo.

VYUNGU VYEUSI

Tukielekea mashariki kidogo, karibu na mji wa Vila Real, kuna kijiji cha Bisalhães. Vyungu vya hapo ni vyeusi, na weusi huo si rangi ya kupaka. Udongo hupondwa kwa nyundo ya mti, huchekechwa, hukandwa na kufinyangwa. Kwa desturi mume alifinyanga na mke akapamba, akivisugua vyungu kwa kokoto laini hadi ving'ae na kuvichora kwa kijiti. Kisha huchomwa katika shimo lililochimbwa ardhini, kwa moto wa kuni na matawi. Moto ukishakolea, shimo hufunikwa kwa udongo ili hewa isiingie. Moshi uliokosa pa kutokea ndio unaokipa chungu weusi wake.

Mwaka 2016 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu ni rahisi kueleweka. Ujuzi huo hurithishwa ndani ya ukoo, mzazi kwa mtoto, na watoto wengi hawautaki. Sufuria ya kiwandani ni rahisi kupatikana, na mshahara wa mjini unavutia. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 vijana wengi wa vijiji vya Ureno walikwenda Ufaransa na Ujerumani kutafuta kazi. Nyumba zikabaki na wazee.

Jambo hilohilo liko kusini, Alcáçovas, kwa mafundi wa kengele za ng'ombe na kondoo. UNESCO ilipoiandika kazi yao mwaka 2015, mafundi waliohesabiwa walikuwa 13 tu, na 9 kati yao walikuwa wamepita umri wa miaka 70. Sisi tuliofanya kazi wodini tunajua maana ya hesabu kama hiyo. Baridi kali moja inatosha kupunguza idadi.

BIBI WA ESTREMOZ

Alcáçovas iko katika nchi ya Alentejo, yenye tambarare, ngano na mizeituni. Mkikaa katika mji wa kale wa Évora, mtaweza kufika vijiji vingi kwa gari kwa siku moja na kurudi. Kaskazini ya Évora kuna Arraiolos, mji wa mazulia ambayo hayafumwi kwenye mtambo bali hushonwa kwa sindano. Uzi wa sufu hupitishwa juu ya kitambaa kigumu, mshono wa msalaba ulioinama kidogo, hadi kitambaa chote kifunikwe. Zulia la hapo lilikwisha kutajwa mwaka 1598, katika orodha ya mali ya nyumbani ya marehemu mmoja, mwanamke. Leo mazulia ya kuiga, yaliyotengenezwa mbali kwa bei ya chini, yanawanyang'anya soko wanaoshona kwa mkono.

Mbele kidogo kuna Estremoz. Hapa ndipo tunapopata tumaini. Kwa miaka mingi wanawake wa mji huu walifinyanga sanamu ndogo za udongo: mchungaji na kondoo wake, mama apikaye, watakatifu, na Pango la Noeli lenye Mtoto Yesu, Maria na Yosefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilikoma. Waliokuwa wakiifanya walikufa au waliacha. Katika miaka ya 1930 mkuu wa shule ya ufundi ya mji huo, mchongaji Sá Lemos, alianza kuulizauliza kama yupo mtu anayekumbuka. Akampata bibi mmoja aliyeitwa Ana das Peles, ambaye aliyajua mambo hayo tangu ujana wake. Alimsihi, na bibi akakubali kukaa tena mbele ya udongo na kuonyesha: mikono hufanywa hivi, kichwa huungwa hivi, rangi huwekwa baada ya moto. Mwaka 2017 sanamu za Estremoz ziliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa watu wote. Kazi hiyo yote ilipita katika vidole vya bibi mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Akina mama, kazi ya mikono haiuawi na uzee wa fundi. Inakufa pale ambapo hakuna anayemwuliza fundi, na hakuna anayemlipa kwa haki.

KWA NINI WATU WACHACHE

Ndiyo maana tunasema watu sita au wanane. Karakana ya fundi wa kijijini ni chumba kimoja, mara nyingi ni sehemu ya nyumba yake. Basi la watu 50 likisimama mlangoni, watu hupiga picha, hununua jogoo mmoja wa kutundika, huondoka. Fundi hubaki amechoka na hajapata kitu. Lakini wachache wakiketi naye asubuhi nzima, wakamlipa ada ya kuwafundisha mshono mmoja, wakala chakula katika mgahawa wa jirani yake na kulala katika nyumba ya wageni ya kijiji, fedha hubaki palepale. Na binti wa fundi, anayewaza kwenda mjini, huona kwa macho yake kwamba kuna watu waliotoka mbali kwa ajili ya kazi ya mama yake. Tunaijua faida ya jumuiya ndogondogo: kila mmoja hufahamika kwa jina. Safari nayo ni hivyo hivyo.

Mkiwa wageni, shikeni adabu tuliyofundishwa nyumbani. Salimieni kabla ya kuuliza bei: asubuhi husema bom dia, na mwanamke akishukuru husema obrigada. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Msibishane bei kama mko sokoni kwetu. Zulia lililokula wiki nyingi za mgongo wa mtu haliombewi punguzo la nusu. Ulizeni nani aliyekitengeneza kitu, na kama aliyekitengeneza yupo, mpeni fedha mkononi mwake.

TUSISAHAU AFYA

Hapa tunarudi kwenye kazi yetu ya kawaida.

1. Safari ni ndefu. Katika ndege simama na kutembea kila baada ya muda, kunja na kunjua vifundo vya miguu, kunywa maji. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyewahi kuganda damu mguuni amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

2. Dawa za shinikizo la damu, kisukari au pumu zikae katika mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Mzigo mkubwa huweza kupotea.

3. Alentejo mwezi wa Julai na Agosti ni joto kali. Mwezi wa Mei, ambapo hija ya Fátima ni kubwa, au Septemba ni afadhali. Barabara za vijiji ni za mawe, kwa hiyo chukueni viatu visivyo na kisigino. Namba ya dharura Ureno ni 112.

4. Mkinunua chungu au bakuli, ulizeni kama ni la chakula au la pambo. Baadhi ya vyombo vya udongo vya kung'aa huwa na madini ya risasi katika rangi yake, nayo hudhuru watoto, hasa bakuli likitiwa vitu vichachu.

5. Visa ya nchi za Schengen huombwa angalau siku 15 kabla ya safari, na mapema ni bora. Inahitaji bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 kwa matibabu. Na tafadhali, fedha hizi zisitoke katika ada ya watoto. Elewaneni na baba nyumbani, wekeni pamoja katika kikundi, hata kama itachukua miaka mitatu.

Tunaongeza jambo moja kwa mafundi wenyewe, wa kule na wa kwetu. Sindano na udongo huchosha macho, shingo na kiuno. Fanya kazi penye mwanga wa dirisha. Kila nusu saa inua macho utazame mbali, simama, jinyooshe. Maumivu ya vidole vinavyokufa ganzi usiku yasipuuzwe, yaonwe kituo cha afya.

NA SISI TULIOBAKI NYUMBANI

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Dorkasi. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Hawakuwa na maneno mengi, nguo zilitosha kumshuhudia. Huwa tunakihubiri sana kifungu hicho kwa ajili ya ukarimu wake, na ni sawa. Lakini tujiulize pia: je, alikuwepo katika wajane wale aliyewahi kuketi naye akajifunza mshono wake?

Kila familia ina Ana das Peles wake. Huenda ni mama mkwe anayejua kusuka mkeka wa rangi tatu, au shangazi anayefinyanga mtungi usiovuja, au jirani anayejua mti gani hutoa rangi nyekundu ya ukili. Yuko hapo, ameketi barazani, na wajukuu wanampita wakienda kununua cha plastiki.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya mwezi huu. Kwanza, likizo inayokuja, mpeleke binti yako, na mvulana pia, kwa bibi anayejua kazi ya mikono, akae siku mbili ajifunze kitu kimoja hadi akimalize. Pili, katika kikundi chenu cha akina mama, tembeleeni fundi mmoja wa karibu, wachache kwa zamu, na mlipeni kwa muda wake. Tatu, wewe mwenyewe uliyeuweka mkono wako kabatini siku ya harusi, itafute ile sindano. Usingoje.

Watakaofika Fátima watuombee. Watakaofika Estremoz watuletee habari za wale wafinyanzi, nasi tutazichapa katika ukurasa huu.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.